Kila Treni na Namba Yake

Mama mwenzangu, wanangu wawili niliwakemea kwa neno moja: "Nyinyi!" Aliyekosea na asiyekosea, wote walilisikia.

Hapa Hamburg tuliwajengea reli ya treni ndogo za umeme, kila moja sehemu 1 ya 87 ya ukubwa wa treni halisi. Tulichora ramani kwanza, kisha tukazipigilia reli ubaoni. Ndani ya kichwa cha treni mna kifaa kinachopokea amri kupitia reli, na hutii amri yenye namba yake tu.

Jioni ya kwanza, mdogo alibonyeza kitufe. Vichwa vyote viwili viling'oka pamoja, vikagongana. Kumbe vilitoka kiwandani vyote vikiwa na namba 3!

"Kama sisi, mama," alisema mdogo. "Kaka akikosea, nami nagombezwa."

Nilinyamaza.

Ili kubadili namba, baba yao alikiweka kichwa kimoja peke yake kwenye kipande cha reli kilichotengwa. Kesho yake nilimketisha mdogo jikoni, peke yake, nikamwomba msamaha. Siku hizi nawaombea mmoja mmoja, kwa majina yao. Je, wewe wako unawaitaje?