Mji wa Ujiji na Mwembe Wake

Jina la Ujiji tulilisikia shuleni tungali watoto, nasi tulidhani ni mji wa majumba makubwa. Tulipofika tuliona mji mtulivu, wenye miembe na michikichi mingi. Ufukoni wavuvi walikuwa wakianika dagaa waliowavua usiku kwa taa. Mbele yetu lilikuwako Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo.

Zamani utulivu huo haukuwako. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, Ujiji ulikuwa umekwisha kuwa kituo cha wafanya biashara kutoka pwani. Vitambaa na shanga vililetwa kwa vichwa vya wapagazi; pembe za ndovu zikavushwa ziwani kutoka Manyema. Pamoja na pembe walivushwa watu. Kutoka hapa hata Bagamoyo ni mwendo wa zaidi ya maili 700, na wengi waliufanya wakiwa na makongwa shingoni. Wengine hawakufika.

Mwaka 1871 Daktari Livingstone alirudi Ujiji kutoka Nyangwe, amekonda, tena mgonjwa. Kule Nyangwe aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni kwa bunduki. Alipowasili alikuta mali yake yote imekwisha kuuzwa na yule aliyeaminiwa kuitunza. Siku chache baadaye Susi, mtumishi wake, alikwenda mbio kumwambia kwamba mgeni anakuja. Mgeni huyo alikuwa Stanley. Ndiye aliyechukua barua zake mwaka 1872, na habari za Nyangwe zikawachoma watu wa Uingereza mioyo. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja.

Mwembe wa mkutano ule ulikwisha kufa. Mahali pake pana jiwe la ukumbusho, na miembe inayosemwa kuwa ni uzao wake. Hapo kale maji yalikuwa karibu. Sasa ziwa limerudi nyuma, hata mgeni hushangaa akiambiwa kwamba pwani ilikuwa hapo.

Biashara nayo ilihama. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, meli na mizigo vilikwenda huko, kwa kuwa bandari yake ina kina. Ujiji ukabaki na watu wake. Ndani yao wamo Waha, watu wa asili ya pwani, na Wamanyema, ambao baadhi ya wazee wao waliletwa kama mali ya kuuzwa. Wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga huteka maji pamoja na kuzikana. Wengi wao ni Waislamu, nao walitupokea kwa ukarimu.

Basi, enyi walimu, mkiwapeleka watoto Ujiji, msiishie penye jiwe. Jiwe hutaja wageni wawili. Wataje na Susi na Chuma, ambao Livingstone alipokufa mwaka 1873 waliuchukua mwili wake hata pwani. Kisha waonyesheni ile njia ielekeayo mashariki, mkawaambie kwamba wengi walioipita hawana jiwe wala jina. Asiye na jiwe naye akumbukwe. Na mahali pa kumkumbukia ni mioyoni mwetu.