Kilima cha mama

Kule Beni mama alikuwa akienda shambani kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mauaji yalipoanza mwaka 2014 shamba likaachwa, naye akabaki kwenye kiti uani. Baadaye akaanza kuniita kwa jina la kaka yangu.

Sasa tuko Butembo, mji wa vilima. Nilisoma kwamba watafiti wa Marekani, mwaka 2011, waliwatembeza wazee dakika 40 mara tatu kwa wiki. Baada ya mwaka mmoja hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2. Ya wenzao walionyoosha viungo tu ilipungua. Panya wakikimbia huota seli mpya za ubongo. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana. Mimi sikungoja wamalize.

Tunapanda polepole, tukiwapisha wenye chukudu za mkaa wanaoteremka. Namwuliza majina ya mimea kwa Kinande, ambayo mimi, mwanafunzi wa lugha (aibu!), siyajui. Jana alitaja tisa. La kumi lilimponyoka. Alilitamka jioni akimenya muhogo, bila kuulizwa.