Mara 96

Jumatatu, 4 Machi 2024
Changamwe. Saa nne asubuhi mashine ya kukata mabati imemkata fundi vidole viwili vya mkono wa kulia. Si vizima, nusu nusu. Amepelekwa hospitali kwa tuktuk, maana gari la kampuni lilikuwa bandarini. Glavu yake imeshinda sakafuni hadi jioni. Hakuna aliyetaka kuiokota.

Jumatano, 6 Machi
Meneja alitaka tungoje kidogo, huenda jamaa akarudi kazini wiki ijayo. Lakini sheria inampa mwajiri siku saba kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Nimejaza fomu na kuipeleka mwenyewe. Akiwa nyumbani ataendelea kulipwa mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12.

Jumanne, 4 Juni
Ripoti ya daktari imefika: ulemavu wa kudumu, asilimia 15. Hesabu ya WIBA, ile sheria ya Kenya ya 2007 ya fidia ya majeraha kazini, ni fupi: mapato ya mwezi, mara 96, mara asilimia ya ulemavu. Asilimia anaitoa daktari akifuata jedwali la sheria. Ile 96 imewekwa na Bunge. Mapato nayaandika mimi, karani wa mishahara.

Mshahara wake ni shilingi 24,000. Nimepata 345,600. Nimeiandika kwa penseli.

Alhamisi, 6 Juni
Penseli ile imeninyima usingizi. Mshahara na mapato si kitu kimoja. Sheria inahesabu pia thamani ya chakula anachopewa mfanyakazi, na ovataimu ikiwa ni ya kila mara. Ile ya mara mojamoja haiingii.

Nimefukua vitabu vya mishahara. Katika mwaka mzima kabla ya ajali, fundi alikosa ovataimu ya Jumamosi mara nne tu. Ovataimu yake ni 4,500 kwa mwezi. Chakula cha mchana tunachompa, 1,500. Jumla 30,000, na fidia sasa ni 432,000. Tofauti ni 86,400! Kwa ulemavu wake, kila shilingi ninayoisahau inamnyima 14 na senti 40.

Meneja akaguna. "Dada, ovataimu si mshahara. Watu wa bima wataniuliza mimi." Nikamfungulia kurasa za Jumamosi, mmoja baada ya mwingine. Akatia sahihi akiwa amesimama.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi amekuja na shemeji yake, ambaye anataka wakimbilie mahakamani. Nimewaeleza kwamba Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua, Desemba 2019: dai kama hili huanzia kwa Mkurugenzi. Likishawasilishwa, bima ina siku 90 za kulipa.

Fundi ameisoma hesabu polepole, kidole cha kushoto kikifuata mistari.

"Kwa hiyo meneja akikatwa kama mimi, vyake vina bei zaidi?"

"Mapato yake ni makubwa," nikasema.

"Na hii 96?"

"Miezi. Ni miaka minane."

Ana miaka 34. Akacheka kidogo. "Na mwaka wa tisa, dada, vitaota?"

Sikumjibu. Nilimshikia karatasi isiteleze, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.