Hakimu kamwachia, kwa hiyo kesi imekwisha?

Tangu nianze kuandika habari za mahakamani, swali ninaloulizwa sana mtaani ni hili: mtu kakutwa na kete za unga, hakimu kamwachia huru, kesi si imekwisha? Jibu langu: bado.

Hapa Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) asiporidhika na mahakama ya chini kumwachia mtu, anaruhusiwa kukata rufaa Mahakama Kuu. Sheria inampa siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio lake na siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa, ukiondoa muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Aliyefungwa naye ana siku 45 za sababu, ila za kutoa taarifa ana 10 tu! Mwenye ofisi na mawakili kapewa 30, aliye nyuma ya nondo 10. Hapo mwenzenu sielewi.

Tusichanganye mambo lakini. DPP akiondoa mashtaka kesi ikiwa bado changa, mtu hajashinda, anaweza kukamatwa tena. Mimi namzungumzia yule ambaye ushahidi umesikilizwa hadi mwisho, hakimu akasema hana hatia.

Wanashindaje? Kesi nyingi nilizokaa kuzisikiliza, hakuna aliyesema ule ulikuwa unga wa ngano. Zilikufia kwenye utunzaji wa kielelezo. Nani alikamata, nani alisaini hati ya ukamataji, nani alipokea kituoni, nani alifunga lakiri, nani alipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani alirudisha? Mmoja katikati asipoonekana, wakili wa utetezi anauliza swali moja tu: mna hakika hizi kete ndizo zile?

Sasa hapa ndipo rufaa inapopimwa. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba si lazima kila hatua iwe na karatasi, maelezo ya mdomo ya mashahidi yanaweza kutosha. Hakimu akimwachia mtu kwa sababu tu karatasi moja haipo, wakati mashahidi wameeleza vizuri, DPP ana haki kabisa ya kwenda juu. Majaji wanaweza kuupima ushahidi upya na kumtia mtu hatiani.

Lakini kama askari aliyeshika mzigo siku tatu hakuletwa kabisa kizimbani, rufaa itasaidia nini? Majaji wanasoma kilichoandikwa kule chini. Shimo lililoachwa siku ya ukamataji halizibwi kwa hoja nzuri za Mahakama Kuu.

Namwelewa mama ambaye mwanae kaharibiwa na unga, akimwona mtuhumiwa anarudi mtaani. Nguvu zake angezielekeza kwenye upelelezi. Namwelewa pia aliyeachiwa, anayehesabu siku huku tajiri wake akisita kumrudisha kazini. Katiba, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Aliyeshinda kesi anastahili hilo zaidi.

Kwa hiyo rufaa ibaki, ila iwe ya kurekebisha makosa ya hakimu, isiwe ya kufukia uzembe wa mpelelezi. Na zile siku 10 na 30 zilingane.

Nyie mnasemaje?