Taa Moja

Picha ya siku niliyotunukiwa shahada ya uzamivu imetundikwa sebuleni kwa mama, Tanga, tangu mwaka 2011. Joho lina wekundu wake, kishada cha kofia chaweza kuhesabiwa nyuzi, ukuta wa nyuma ni mweupe kama chokaa. Uso haumo. Pana doa jeusi lenye meno. Mgeni akiuliza, mama hujibu, "Ni mwanangu huyo. Mwenyewe ameniambia."

Kwa miaka mingi niliilaumu rangi yangu, na kuungama hilo si rahisi. Sababu ni nyepesi zaidi: kamera ikiachwa ipime yenyewe hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukuta mweupe ukitawala picha, kamera hupunguza mwanga ili kuutuliza ukuta, na uso mweusi huzama. Mpiga picha alikuwa na foleni ndefu siku ile, hakusahihisha kipimo.

Mwaka huu, baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho, mama aliomba picha ambayo ataniona. Sijafika Tanga kwa miaka sita.

Nilimkumbuka Samuel Fosso, aliyefungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Usiku alimalizia filamu za wateja kwa kujipiga mwenyewe, na baadhi ya picha akampelekea bibi yake Nigeria. Nimewahi kuzifundisha picha hizo darasani, nikazungumza mengi juu ya utambulisho. Yule bibi nilimpita haraka.

Sebuleni kwangu, hapa Leeds, nilifunga mapazia, nikatundika mahameli nyeusi ukutani, nikaweka flashi moja tu ubavuni, juu kidogo ya usawa wa macho, nyuma ya kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, sentimita 60 kutoka shavuni. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: mahameli iliyo sentimita 240 kutoka kwenye taa hupata sehemu moja tu ya 16 ya mwanga unaoufikia uso. Picha ya majaribio hupigwa flashi ikiwa imezimwa: ISO 100, shata sehemu ya 160 ya sekunde, lenzi f/8. Ikitoka nyeusi tii, basi mwanga wote utakaofuata ni wako.

Kwa kuwa siwezi kuwa mbele na nyuma ya kamera kwa wakati mmoja, niliusimamisha ufagio mahali pa kichwa changu, nikaulenga mpini, kisha nikachukua nafasi yake kamera ikihesabu sekunde 10.

Picha za mwanzo zilinipa paji la uso linalong'aa kama sinia. Nilidhani mwanga umezidi, nikaupunguza. Nikarudi kuwa doa. Kosa lilikuwa pembe. Nilipoizungusha taa pembeni zaidi, mng'ao ulihamia kwenye mfupa wa shavu na ukingo wa pua, ukauchora uso. Upande wa pili niliuachia giza, ila kipande cha kadi nyeupe kilirudisha mwanga kidogo kwenye jicho la kushoto.

Nilimtumia usiku. Jibu lake la kwanza, la sauti, lilikuwa, "Mwanangu, huko nako umeme hukatika?"

La pili lilichelewa dakika kumi. "Lile kovu la kwenye nyusi, la siku ulipoanguka kwenye mwembe. Kumbe bado unalo."