Kurejea Kwenye Shabaha

Miaka mingi imepita tangu tuiweke bunduki chini. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na hapa Kanyangi, ambako tumelowea, Mkamba na upinde wake hahitaji mgeni wa kumfunza kulenga. Twarejea kwa shabaha ya ubao tu.

Wazee waliorudi kutoka Keya baada ya Vita Vikuu vya Pili waliisifu Lee-Enfield ya .303, yenye kuchukua risasi 10. Ni imara kweli, lakini hupiga bega, nalo bega letu si la ujana tena. Tumechagua ndogo, ya .22, ila tumeshikilia iwe ya kukokiwa kwa mkono kila risasi. Chuma chake cha kukokia, mfano wa komeo la mlango, huchomolewa chote. Kikitiwa sandukuni peke yake, bunduki haiwezi kulia.

Mwenzetu nyumbani, ambaye wajukuu hawambanduki, hakuridhika hadi alipokiona kikitoka. Sasa ataka ufunguo wa sanduku hilo akae nao yeye. Sheria nayo yamtwika mwenye leseni dhamana ya silaha yake. Leseni twaingoja, juu ya ufunguo, hatujapatana.