Ngoma ya Mji, Nani Alipe?

Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara halikufanyika. Tangu 2004 tulishazoea kwamba kila Februari Ngome Kongwe inajaa muziki, na Mji Mkongwe nao unajaa watu: hoteli, mikahawa, teksi, mapapasi, hata mama wa urojo anayeuza barazani kwake. Mwaka ule waandaaji walisema wazi kuwa fedha hazikutimia, tukaambiwa tungoje 2017. Habari ile niliisoma kwenye simu nikiwa ndani ya gari, hapa Maskati, nasubiri watoto watoke skuli. Na jambo la kwanza nililolifikiria, nasema kweli, halikuwa muziki. Nilifikiria vyumba vyetu.

Nyumba ya marehemu baba iko Mkunazini. Ina vyumba vinane vya wageni, na tuliirithi watatu: kaka yetu nusu, mimi na dada yangu robo robo. Kaka ndiye anayeiendesha. Yeye ndiye anayeamka usiku pampu ya maji ikigoma, yeye ndiye anayegombana na fundi. Sisi wawili tunapokea hesabu kila mwisho wa mwezi na kutoa maoni. Wenye mali nyumbani mnajua maoni ya mtu aliye nje yanavyopokelewa.

Hesabu ya Februari 2016 ilikuja fupi. Wiki ambayo kwa kawaida inajaa tangu Novemba, vilikaliwa vyumba viwili tu. Nikamtumia kaka ujumbe wa sauti: "Kaka, ngoma ikirudi mwakani, kwa nini na sisi tusichangie kidogo?"

Alinijibu kwa ujumbe wa dakika nane.

Kwanza alinikumbusha siasa. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa umefutwa, wa marudio umewekwa Machi, na wageni wengi waliogopa kuja. Kwa hiyo nisimwambie kuwa vyumba ni vitupu kwa sababu ya ngoma peke yake. Hapo alikuwa na haki, sikuwa na la kujibu. Pili, akasema, yeye analipa leseni, analipa kodi ya hoteli, analipa kodi ya miundombinu kwa kila mgeni kwa kila usiku anaolala. Serikali ikishachukua yote hayo, ngoma ya mji ni kazi ya nani? "Wewe si uko Oman? Tamasha la Maskati nani analipa? Wenye gesti wanapitishiwa bakuli?"

Kweli, hawapitishiwi. Tamasha la Maskati tulikuwa tukiwapeleka watoto kila mwaka, bustani ya Naseem au kule Amerat, na mwandaaji ni Manispaa. Lakini nilimwambia kaka kwamba Oman ina mafuta. Sisi utajiri wetu ni mgeni anayelala. Hatuna kisima kingine cha kuchota, na Sauti za Busara kwa miaka mingi imesimama kwa misaada ya nje, ubalozi wa Norway ukiwa miongoni mwa wafadhili. Kiingilio cha Watanzania huwekwa chini sana kuliko cha wageni, na ni vyema iwe hivyo, la sivyo kijana wa Ng'ambo angebaki kusikiliza nje ya ukuta. Lakini kiingilio cha namna hiyo hakiwezi kulipa tiketi za ndege za wanamuziki kutoka Mali au Senegal. Mfadhili wa mbali akichoka, au serikali yake ikibadili mipango, tunabaki tunatazamana. Ndivyo tulivyobaki.

La tatu ndilo lililonigusa. "Baba alikuwa akisomesha watoto kwenye baraza hii hii," alisema. "Leo jina la nyumba yake likae kwenye bango la ngoma, pembeni ya tangazo la bia?"

Sikumjibu siku ile. Mimi mwenyewe nilikua nikimwona baba akifunga dirisha la barabarani muziki ukizidi. Nakumbuka pia kuwa Bi Kidude alipopita njia yetu, dirisha lilelile lilifunguliwa na marehemu akamsalimia kwa heshima zote. Watu wa kwetu hawakuwahi kuwa wa namna moja. Lakini jina la baba si langu peke yangu la kuliweka nitakapo.

Baada ya siku mbili nikamwomba kaka anipigie picha daftari la miaka ya nyuma. Nilikuwa na nia mbaya kidogo, nakiri. Nilitaka kumwonyesha kuwa anapata sana na ni bahili. Alipiga picha kurasa zote, na daftari likanifunza mengine. Wiki ya tamasha mapato yanapanda, lakini na umeme unapanda, dobi anapanda, na wafanyakazi wawili wa ziada wanalipwa. Kinachobaki si kama nilivyodhani nikiwa nimekaa kwenye baridi ya eya kondishina Maskati. Mtu anayesema "wafanyabiashara wachangie" aanze kwa kutazama daftari la gesti ya vyumba vinane. Hoteli kubwa ya ufukweni na sisi hatuwezi kutajwa kwa pumzi moja.

Lakini daftari lilisema jambo jingine pia. Siku za kawaida za Februari chumba chetu ni dola 45. Wiki ya ngoma kaka alikiandika dola 70. Hakuongeza kitanda, hakuongeza hata yai la chai ya asubuhi. Dola 25 zile juu ya kila chumba zililetwa na kitu kimoja tu. Vyumba vinane kwa siku tano, nyongeza ni dola 1,000.

Hapo ndipo nilipoacha kutumia neno "msaada". Anayetoa msaada anaweza kunyima na asidaiwe. Hii ilikuwa nyongeza iliyotengenezwa na mtu mwingine ikaingia mfukoni mwetu. Kodi anayolipa kaka ni haki ya serikali kwa biashara yetu ya mwaka mzima. Haimlipi aliyemleta mgeni wiki ile. Na kama nyongeza imetokana na ngoma, basi ngoma ina fungu lake ndani yake. Fungu kiasi gani, hilo ni la kujadiliana. Asiyepandisha bei hadaiwi, aliyepandisha sana achangie zaidi. Mama wa urojo sidhani anadaiwa kitu. Bakuli lake bei ni ileile mwaka mzima.

Nilipomweleza kaka alicheka. "Unataka fungu kama zaka? Zaka ni moja katika arubaini. Toa dola 25, tumalize." Dada yetu, ambaye kawaida hasemi kitu kwenye kundi letu la simu, akaandika: "Kaka, wacha mzaha." Robo yangu na robo yake ni nusu, sawa na yake. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini sote tulijua kupiga hesabu.

Tukakubaliana chumba kimoja, siku tano, alale mwanamuziki bila malipo. Kwa bei ya wiki ile ni dola 350, kama theluthi ya nyongeza. Jina la nyumba lisiandikwe popote, hilo kaka alilishikilia na mimi nikaona ana haki. Akachagua namba 3, iliyo karibu na ngazi, ambayo wageni hulalamikia kelele za pampu. Nikanyamaza. Mwenye nusu na kero zote ana ruhusa ya kuchagua chumba.

Tamasha likarudi Februari 2017. Jirani yetu mwenye vyumba thelathini hakutoa hata mkeka, na bei alipandisha kutushinda. Hilo bado linamkera kaka, na linanikera mimi pia. Kila mwaka hunitumia ujumbe kuhusu jirani huyo na kuniuliza fungu lake liko wapi. Sina jibu. Nadhani serikali za mitaa zingeweza kuwakalisha wenye hoteli pamoja wakakubaliana kiwango, maana aliye peke yake siku zote huonekana mjinga.

Mwanamuziki wa namba 3 mwaka ule alikuwa mpiga ngoma, kijana mrefu, na hakulalamikia pampu. Hesabu ya mwezi ilipokuja, kwenye mstari wa chumba hicho kaka alikuwa ameandika "ngoma" badala ya jina la mgeni, na kwenye safu ya bei amepiga kistari. Chini yake, kwa wino mwekundu: mayai 20 ya ziada.